Debe na Kikombe cha Dawa ya Zambarau

Jumanne, baada ya magharibi

Na haitoki! Nimesugua kwa dodoki na kwa ndimu, lakini rangi ya mguu wa kulia iko pale pale.

Sababu ni Bi Mwanahawa wa Kiongoroni, aliyekuja leo zahanati na kidonda cha mguuni, alichochomwa na kisiki cha mkoko. Nilimkorogea vijiko viwili vya dawa ya zambarau kwenye debe la maji. Akaona kikombe mezani, nilichotia kijiko kimoja cha dawa hiyo hiyo, ya kusafishia mabakuli.

"Nipe cha kikombe, mwanangu. Hivyo viwili vitanichoma."

"Bibi, usihesabu vijiko tu, tazama na maji yake. Kijiko cha kikombe kimebanana, vya debe vimetawanyika."

"Kwani viwili si vingi kuliko kimoja?"

Akaanza kufunga kitambaa chake aondoke. Mimi dresa, mfunga vidonda niliyefaulu mtihani wa dawa mbele ya daktari Mzungu, nimeshindwa kumwelewesha bibi mmoja! Nikaogopa kidonda kitaoza. Basi nikavua viatu. Mguu wa kushoto nikaumwagia maji ya debe, wa kulia nikaumwagia kikombe kizima.

Wa kushoto haukubadilika. Wa kulia uliwaka moto, na ile zambarau ikakaukia hudhurungi mpaka kifundoni, nami nikarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Bi Mwanahawa alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nimeelewa, mwanangu. Nitilie ya debe." Akaosha kidonda vizuri kabisa.

Nikarudi nyumbani mshindi. Mke wangu alinitazama miguuni, akatua sinia chini taratibu.

"Hina hiyo, baba watoto. Anakuoa nani?"