Neno Nililokunyima Kabla ya Meli

Migosi, Kisumu
22 Aprili 2025

Mpendwa mpwa wangu Nakhungu,

Hujambo, mwanangu? Unapata usingizi huko Mombasa, au joto linakusumbua? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha? Sisi huku tu wazima, ila mvua imetushika. Huko Ahero maji yameingia kwenye mpunga, na kaka yako Wekesa amehamishia kuku wake juu ya meza.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, na una haki. Barua inasafiri kwa basi la leo jioni. Naeema, mwenyeji wako, ameniahidi kuichukua stendi kesho, ili uisome kabla meli haijaondoka Ijumaa.

Siku ya kukuaga pale nyumbani kwa mama yako, mtaani Otonglo, nilikuwa na kazi moja tu. Kwetu Wabukusu, khocha, yaani mjomba, ndiye anayempa mtoto wa dada yake neno la safari. Asipolitoa, mtoto anaondoka kama aliyefukuzwa. Watu walikuwa wameshakula, mchungaji ameshaomba, wewe umevaa sare yako mpya ya mhudumu wa meli. Zamu yangu ilipofika, nikatoa mfukoni ile makala yangu ya zamani ya gazetini kuhusu utumwa wa melini, nikaanza kuisoma. Mama yako akasema, "Joram, keti. Watu hawakuja kusikiliza gazeti." Sikuketi. Nilisoma mpaka mwisho, na juu yake nikakuita kijakazi wa wazungu. Uliniuliza swali moja: "Mjomba, umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Neno la safari sikulitoa.

Nimejuta kila siku tangu hapo.

Makala ile haikuwa na uongo, lakini ilikuwa nusu. Niliandika kwamba niliacha kazi ya meli kwa kupinga dhuluma. Ukweli ni kwamba niliacha kwa sababu ya supu. Mzee mmoja wa meza yangu alisema supu yake imepoa, na ilikuwa imepoa kweli, maana nilisimama jikoni nikibishana siasa na mwenzangu Seif huku bakuli likinisubiri. Msimamizi akanitaka niombe radhi. Nikampa hotuba. Bandari iliyofuata nikashuka na begi langu, Seif akabaki anahudumia meza zake na zangu kwa miezi mitatu. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu meli ile, na Seif hayumo hata kwenye mstari mmoja.

Sasa nikuambie niliyopaswa kukuambia. Meli yako ni ya ukubwa wa kati, ya mtindo wa zamani, kama yangu. Usitarajie mabomba ya kuteleza majini wala kelele za disko. Abiria ni kama mia saba, wengi wastaafu, na wengi wao wamesafiri na meli hiyo hiyo mara nyingi kuliko nahodha. Asubuhi wanatembea kwenye sitaha ya mbao inayozunguka meli yote, saa kumi wanakunywa chai, mchana wanasinzia maktabani na kitabu kifuani. Jioni nyingine ni za suti na magauni marefu, na siku hizo hata wewe utapigwa pasi mpaka kola.

Chakula cha jioni ni kwa zamu mbili, na kila abiria ana meza yake ile ile, na mhudumu yule yule, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo ndipo penye kazi. Siku ya pili watataka ukumbuke nani hatumii chumvi. Siku ya tano watakuonyesha picha za wajukuu. Kutakuwa na mama mmoja mjane ambaye kiti cha pembeni yake kiko wazi. Usikiondoe mpaka aseme mwenyewe.

Chumba chako kitakuwa chini kabisa, bila dirisha, vitanda viwili vya juu na chini. Omba cha chini. Injini itakuimbia wiki nzima, kisha hutaisikia tena. Mazoezi ya kuvaa jaketi la kuokolea yachukulie kama mtihani. Mimi niliyafanyia mzaha nikaaibika. Bahari ikichafuka, tafuna tangawizi na biskuti kavu, na utazame mbali, usitazame sahani. Viatu viwe vikubwa kidogo, kwa kuwa miguu huvimba. Utalishwa wali mpaka uote ndoto za ugali na samaki mbuta, kwa hiyo beba pilipili.

Kuhusu mikataba yao sijabadili neno. Miezi minane bila siku moja ya kupumzika ni unyama, na nitaandika hivyo tena. Lakini hilo ni la kumwambia mwenye meli, si la kumtupia msichana anayekwenda kazini.

Juzi nilikwenda kwa mama yako sokoni, kwenye meza yake ya samaki. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kununua omena au kuhutubia?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Maximilla."

"Mimi wa nini? Uliyemkosea yuko Mombasa. Na tafadhali, ukimwandikia, usimfundishe. Mwambie."

Kukufundisha nimeshakufundisha, unaona mwenyewe. Ngoja sasa nikuambie. Nisamehe, mwanangu. Nilikosa.

Rosa, mke wangu, anakusalimu sana na amekufungia pilipili kwenye kifurushi kinachosafiri na barua hii. Wekesa anakusalimu, na Shantel wake mdogo amejifunza kutamka jina lako. Nisalimie Naeema, na umshukuru.

Nakhungu, mtoto wa dada yangu, mimi khocha wako nasema: nenda. Maji yakubebe salama. Mikono yako iheshimiwe na wale inaowalisha. Utakayemkosea umwombe radhi upesi, atakayekukosea umkabili bila woga, na Mungu akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Neno hili lilistahili kusemwa mbele ya watu. Jumapili nitasimama kanisani, mbele ya wale wale, nilitamke bila karatasi, na kisha niketi. Wewe utakuwa baharini, hutasikia. Mama yako atasikia.

Mjomba wako anayekupenda, na aliyechelewa kukuambia,

Joram