Mama Hakulia Msibani

Chang'ombe, Dodoma
12 Juni 1994

Mdogo wangu Seth,

U hali gani huko chuoni? Sisi wazima, ila nyumba imepoa. Baba tumemzika Jumanne. Najua simu yangu ya maandishi ilikufikia msiba umekwisha.

Kuna neno linanichoma. Mama hakulia. Tangu maiti inaingia hadi kaburi linafukiwa, hata chozi moja. Shangazi Angelina akasema mbele ya watu, "Huyu alikuwa anaisubiri siku hii." Sikumtetea, Seth. Nilimwambia, "Mama, hata jirani amelia." Jana amefunga mzigo, amekwenda Kolo kwa mjomba.

Dada yako,
Yudith

Dar es Salaam
30 Juni 1994

Shikamoo dada,

Pole yetu sote. Mimi mzima, ila barua yako imeninyima usingizi.

Umesahau kuwa mama hamezi mkate bila chai? Kwamba kila siku analalamika macho yana mchanga? Mwaka huu tunasoma tezi. Neva ikileta ujumbe, ndani ya seli ya tezi hufunguliwa kalsiamu, madini yale yale ya mifupa. Hiyo ndiyo inayoamuru seli imwage mate au machozi. Kuna ugonjwa unaoharibu tezi hizo: ujumbe unafika, amri haitoki. Mtu anajaa majonzi, jicho kavu.

Siwezi kuapa bila mama kupimwa. Lakini usimwandikie. Nenda.

Mdogo wako,
Seth

Kolo, Kondoa
9 Oktoba 1994

Seth mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Barua yako niliikalia miezi mitatu. Aibu.

Jicho la kushoto la mama lina ukungu mweupe, halioni tena. Mjomba ameniambia mama alikuwa akijifungia chumbani na kujipaka maji ya pilipili machoni. Nilipomuuliza, akajibu, "Nilitaka nimlilie baba yenu kama wenzangu."

Nikamsomea barua yako. Pale pa kalsiamu akanisimamisha, nikarudia mara tatu. Kisha akauliza polepole, kama mtoto, "Kwa hiyo si kwamba sikumpenda?"

Seth, hata yeye alikuwa ameanza kuwaamini akina shangazi.

Kesho nampeleka Dodoma kwa daktari wa macho, tuokoe la kulia. Amenisamehe, amesema hivyo mwenyewe. Ila kulala Chang'ombe hataki. Ameomba tutafute chumba Majengo, mahali asipojulikana.

Dada yako,
Yudith