Simu Inashika Makaburini Tu

Bonde la Laurel, 9 Januari

Mpwa wangu Tressa,

Hujambo huko mji mkuu? Mimi mzima, ila goti. Niliteguka nikimbeba dubu, na alikuwa hai, ila hayo nitakueleza siku nyingine.

Nina swali linaninyima raha. Mama yako anasema shirika lenu linamaliza njaa jimbo zima. Nikamuuliza, wanapika nini? Hawapiki. Wana ghala? Hawana. Wanabeba magunia? Wanabeba makaratasi! Hebu nieleze mimi, niliyeacha shule darasa la nane kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha: karatasi inashibisha vipi?

Mjomba wako,
Delmas

Mji mkuu, 17 Januari

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti. Dubu naye anaendeleaje?

Sisi tunawabana wabunge wa jimbo. Sheria moja ikinyooshwa, maelfu wanakula. Sasa nami nikuulize. Huko bondeni wazee wengi wana haki ya chakula cha msaada, lakini majina yao yanafutwa. Ofisini wanasema ni kiburi cha watu wa milimani. Siamini. Waulize wenyewe, uniandikie walichosema wao, si utakachosema wewe.

Mpwa wako,
Tressa

Bonde la Laurel, 2 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Nimezunguka nyumba mia mbili. Haya, kumi na tisa. Kiburi kipo, Virgil Sizemore kanifukuza na ufagio. Lakini sikia ya Bibi Orpha Tackett, miaka themanini na moja.

Fomu alijaza. Wakamwambia lazima ahojiwe kwa simu, wangempigia Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita. Humu bondeni simu haishiki hata uipigie magoti. Inashika kule juu makaburini tu. Bibi akapanda na kiti chake cha kukunja, akakaa kando ya kaburi la mumewe, theluji inamwangukia. Saa nne ikaita. "Haloo," ikakatika. Wakaandika: hakupokea. Jina likafutwa.

"Delmas," kaniambia, "nimepanda mara tatu. Ya nne nitapandishwa."

Chakula chake cha jioni ni mkate wa mahindi ndani ya maziwa, basi. Naapa sijaongeza hata theluji.

Mjomba wako,
Delmas

Mji mkuu, 11 Februari

Shikamoo Mjomba,

Muswada wetu unataka mzee aliyejaza fomu asihojiwe tena kwa simu. Nilikisimulia kisa cha Bibi Orpha kwa Seneta Lilly, mwenyekiti wa kamati, mtu wa huko kwenu. Akauliza nimekipata wapi. Nikakutaja.

"Delmas Cogar? Aliyevua samaki kwa kofia ya mgodini?" Akacheka hadi akatoa kitambaa, kisha akafungua muswada mwingine.

Kura ni tarehe ishirini na tano. Bila yeye, tumekwisha. Mjomba, mara moja tu umesema kweli, nayo imefanana na zile hadithi zako nyingine zote!

Tressa

Bonde la Laurel, 21 Februari

Mpwa wangu,

Salamu. Maneno yako yaliniuma, nikanyamaza siku mbili. Mama yako akaniitia daktari.

Kisha nikamvizia Seneta nje ya kanisa. "Hobart," nikamwambia, "usiniamini. Panda." Bibi Orpha aliomba upya, akapangiwa simu ya jana, Ijumaa. Seneta akaja, nadhani kwa kutaka kunicheka vizuri.

Tulikaa makaburini tangu saa mbili. Saa tano kasoro ikaita. Bibi akampa simu. "Haloo! Haloo!" Akainyanyua juu, akaruka huku na huku juu ya makaburi kama kuku anayekimbizwa.

"Seneta," Bibi akasema, "ondoka juu ya mume wangu."

Ikakatika. Hakucheka. Aliomba tu ambebee Bibi kiti.

Delmas

Mji mkuu, 26 Februari

Shikamoo Mjomba wangu,

Kamati imeupitisha muswada, kwa tofauti ya kura moja. Wenzake walipoguna, Seneta alisema, "Nilikuwepo." Mabaraza yote mawili ya bunge bado, na ukipita, sheria itaanza Julai. Bibi atafika Julai?

Tressa

Bonde la Laurel, 14 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo? Amefika. Majirani tumepokezana kumlisha. Mimi peke yangu nilimpelekea kulungu sita. Haya, paja moja.

Barua yake ya kukubaliwa msaada imekuja, hakuna aliyempigia. Jana kanikaribisha maharage na nyama ya nguruwe.

Leo Jumanne nimemkuta anapanda makaburini na kiti chake. Nikamwambia, "Bibi, hakuna atakayepiga tena!"

"Ndiyo maana naenda," akasema. "Sasa naweza kuongea na mume wangu bila kukatizwa."

Mjomba wako,
Delmas