Mzee wa Kibengali Aliyesema kwa Sauti Yako

Kwako Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini wewe ndiye uliyetukataza kuanza maneno yoyote bila salamu, hata na mtu aliyekuja kwa hasira kuifuata redio yake. Basi nakuamkia kwanza, ndipo nikueleze.

Jumamosi hii wakwe wanakuja hapa Nyakato, Mwanza, kutoka Bunda kuleta posa ya Neema, mjukuu wako, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni huku bisibisi iko mkononi. Kijana ni mzuri, sina neno naye. Baba mdogo ndiye atakayetusemea, na ameshanidokeza kwamba atamalizia na ile kauli yake ya siku zote: binti akishatoka, kwao ni huko anakokwenda. Mimi nina neno langu la kumwambia Neema kabla hajayasikia hayo. Wiki nzima nimezunguka mbuyu. Namwita jikoni, anakuja, halafu namuuliza kama gesi imekwisha. Kwa hiyo nimeamua nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu neno lenyewe ni lako, na mara ya kwanza nililisikia kwenye picha ya Kibengali.

Unalikumbuka banda letu la video pale Bunda, nyuma ya stendi? Siku za kazi ulikuwa fundi redio. Jioni na Jumapili mchana ulikaa kwenye kigoda kando ya tivii, maikrofoni mkononi, ukitafsiri picha za Kihindi. Watu walikuamini kwa sababu ujanani ulifanya kazi kwenye duka la vitambaa la Wahindi kule Musoma. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wenye duka walikuwa wakisema Kigujarati, kwa hiyo hata Kihindi chenyewe ulikuwa hukijui. Ulichojua ni kuhesabu mita, kukataa bei na kuuliza kama chai iko tayari. Kwa mtaji huo ulitafsiri mapenzi, kesi za mahakamani na vifo vya mama wakwe, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyedai arudishiwe kiingilio chake.

Halafu siku moja, kwenye furushi la diski kutoka Mwanza, ikaingia ile picha isiyo na rangi. Ulipoiwasha tu, kelele zikaanza. "Fundi, tivii yako imekufa rangi! Si unasemaga wewe ni fundi?" Ukakasirika kweli. Ukachomoa waya, ukapuliza, ukachomeka. Rangi haikuja. Kisha waigizaji wakaanza kuongea, nawe ukatega sikio mpaka ukashusha maikrofoni.

"Jamani," ukasema, "hawa siwaelewi. Hii sio Kihindi yangu."

Mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, "Kwani ile ingine ulikuwaga unaielewa?"

Banda zima likaangua kicheko, na wewe ukacheka nao. Ukanyanyua maikrofoni, ukaacha kusikiliza maneno, ukaanza kuzitazama nyuso. Nadhani hapo ndipo ulipowapenda.

Maana walikuwa waigizaji wa namna nyingine. Tulikuwa tumezoea steringi anayeruka kutoka juu ya treni na kupiga watu kumi bila shati kulowa jasho. Huyu wa Kibengali alikuwa na miwani minene na kikohozi, na kutwa nzima anatafuta kazi. Majina yao yaliandikwa kwa maandishi tusiyoweza kuyasoma, kwa hiyo uliwabatiza mwenyewe: mwenye paji pana la uso akawa Mzee Paji, na yule mwanamke wa sari nyeupe yenye pindo nzito akawa Dada Macho. Wateja walilalamika. "Fundi, hawa watapigana saa ngapi?" Ukawajibu, "Wameshaanza zamani. Tazameni macho."

Sijasahau alivyofanya Dada Macho alipopata habari kwamba mumewe harudi. Hakupiga yowe wala hakujitupa chini. Aliendelea kukunja nguo. Akakunja moja, akaikunjua, akaikunja tena ileile, kana kwamba haikuwa imekunjwa vizuri. Ukasema kwenye maikrofoni, "Hapa hakuna cha kutafsiri," ukanyamaza. Wapiga debe wa stendi, watu wasiojua kunyamaza hata msibani, walikaa kimya mpaka nguo zikaisha.

Na samaki! Wabengali walikula wali na sisi tulikula ugali wa udaga wa muhogo, lakini samaki walimla kama sisi, kwa vidole, mwiba kwa mwiba, kichwa wakikiweka akiba ya mwisho. Steringi wa Kihindi hatukuwahi kumwona akila kitu chenye mwiba. Mara ya kwanza Mzee Paji alipokaa chini mbele ya sahani, banda liligawanyika. "Ningu ile!" "Ningu gani, ona mkia, ile ni sato!" Ulisimamisha picha ili watu wabishane kwa nafasi. Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyefunga mjadala. Akasema, "Mimi sijui ni samaki gani, lakini huyu mzee haigizi. Huyu anakulaga samaki kila siku. Wa kuigiza angeshameza mwiba."

Jina la lugha yenyewe tuliletewa na Injinia, yule mgeni mwembamba wa kampuni ya barabara. Alikuja kukuletea redio yake, akasikia sauti kutoka bandani, akaingia na viatu vyake vyenye lami, akabaki amesimama katikati ya watu. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Hii lugha ya mama yangu," akasema. "Si Kihindi. Kibengali. Mimi, Kolkata." Ukampisha kwenye kigoda chako. Picha ilipokwisha akakushika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Fundi, wewe nasema uongo mingi sana. Lakini uongo mzuri."

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili na mfuko wa diski zake mwenyewe. Alitueleza kwamba wengi wa wale waigizaji walianzia jukwaani, kwenye michezo ya kuigiza, ndiyo maana hata wakikaa wamekupa mgongo, mgongo unaongea. Wewe ulimsikiliza kama mwanafunzi, halafu ukishika maikrofoni unarudi kwenye mambo yako. Uliwapa Wabengali mashamba ya pamba na mashemeji wa Kiabakari, na pale walipotajiana dhahabu wewe ukataja ng'ombe wa mahari. Injinia alitikisa kichwa tu na kucheka.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ilikuwa Jumapili, wiki moja kabla sijaolewa. Nilikaa benchi la mbele na mama. Mzee Paji alikuwa barazani na binti yake anayeolewa kesho yake, taa iko katikati yao, sahani moja ya samaki. Yule mzee anachambua miiba na kumwekea binti mnofu, kipande baada ya kipande, bila kumtazama usoni. Wewe ukasema:

"Mwanangu, nakupeleka kwa watu, sikutupi. Wakikutunza, kaa. Wakikutesa, rudi, usingoje kuitwa. Ng'ombe zilikuja kwa miguu yao, zitarudi kwa miguu yao. Mimi sijawahi kukufungiaga mlango, na sitaanza kwa sababu ya ng'ombe."

Mzee Paji alikuwa ameshafunga mdomo zamani, wewe bado unaongea. Hatukujali, ulikuwa na tabia hiyo, waigizaji wako walikuwa wakimaliza kabla yako. Ni Injinia peke yake aliyegeuka. Alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Picha ilipokwisha alitaka kusema kitu, nawe ukamshika mkono haraka ukampeleka kunywa chai.

Mimi nilikuwa nalia. Nikamwambia mama, "Kumbe Wahindi wana baba wa hivi." Mama akasema, "Pangusa machozi, ni picha hiyo."

Kiabakari, kwa mume wangu, nilikaa miaka ambayo sitaki kuirudia hapa, unaijua. Niliambiwa mwanamke ni kuvumilia, nikavumilia mpaka maji yakanifika shingoni. Mara nyingi nilimkumbuka yule binti wa barazani, nikamwonea wivu, kwa sababu yeye aliambiwa arudi na mimi sikuambiwa. Kwetu ng'ombe wakishaingia zizini wanakuwa wa ukoo, na nani angewatoa kwa ajili yangu? Siku niliyoshuka kwenye basi pale Bunda, Neema mgongoni na begi moja, nilikuja moja kwa moja kwako. Nilijiandaa kwa matusi. Ulikuwa umefungua redio ya mtu mezani, vyuma vimetapakaa. Ukaniangalia usoni kwa muda mrefu kuliko ulivyowahi kuniangalia.

"Umekula?" ukauliza.

Ni hilo tu. Ukampokea mtoto. Wiki iliyofuata ukaenda Kiabakari na baba mdogo kuyamaliza, na tangu hapo Neema akahesabika mtoto wa nyumba yetu. Mwezi uleule banda likafungwa. Uliniambia, "Watu siku hizi wanatazamiaga nyumbani." Nikaona tivii kubwa haipo, deki haipo, spika hazipo. Ng'ombe wengine walikuwa wameshaliwa, na ilibidi wapatikane wengine wa kurudisha. Baba mdogo ndiye aliyenitamkia wazi, siku ya matanga yako kule kijijini Butiama, tena kwa kulalamika. Uliwauza Mzee Paji na Dada Macho ili mimi nirudi nyumbani, halafu ukanisukuma nikasomee ualimu, na kwa miaka yote iliyobaki hukulitaja hilo hata siku moja.

Nilidhani hapo ndipo wema wako ulipoishia. Kumbe sikuwa nimeona bado.

Mwezi uliopita simu yangu ikaniletea picha yenyewe, kama simu zinavyofanya zikishajua unachokipenda. Niliijua kwa baraza na ile taa. Safari hii ilikuwa na maandishi ya Kiingereza kwa chini, na Kiingereza ndicho ninachofundisha. Nikakaa vizuri, nikasubiri yale maneno. Mzee Paji akachambua mwiba, akasema, "Huu mdogo, uangalie." Akaweka mnofu, akasema, "Wali umetosha?" Kisha akasema, "Kesho treni inaondoka mapema." Akafunga mdomo. Picha ikaendelea.

Nikafikiri wamekata. Nikairudisha nyuma, nikatazama tena, na tena. Hapakuwa na kurudi, hapakuwa na mlango. Ng'ombe ndio kabisa, kwa Wabengali watoke wapi?

Baba, nililia mpaka Neema akagonga mlango. Nililia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, siwezi kuvitenganisha. Ruhusa nilikuwa nayo tangu kabla sijaolewa. Ulinipa mbele ya watu wote wa stendi ya Bunda, kwa maikrofoni, na mimi nikadhani mlango ulioko wazi ni wa Kolkata.

Sikulaumu. Nakujua. Baba wa kwetu hamwambii binti maneno kama hayo uso kwa uso, tena wiki ambayo ng'ombe wameshaingia. Ungeonekana unauombea mji wake uvunjike. Ukatafuta mtu wa kukusemea, na ulichagua vizuri. Nimemtazama Mzee Paji mara nyingi tangu siku ile, na nakuambia hukumsingizia. Mdomo wake ulisema miiba na wali na treni, lakini uso, na vile vidole visivyotaka kumaliza kuchambua, vilisema kila ulichosema. Ni mwigizaji wa aina gani huyo, ambaye fundi redio wa Bunda, asiyejua neno hata moja la lugha yake, anaweza kuiweka roho yake yote ndani ya uso wake na ikaenea? Nawavulia kofia wote wawili. Yeye hakujua kama tupo duniani, nawe hukupata kulijua jina lake sawasawa, lakini mlinilea pamoja.

Naiacha barua hapa kidogo, Neema anatoka kazini.

Nimerudi. 

Nilimkuta jikoni amesimama, simu mkononi, anawaandikia wenzake habari za sare za Jumamosi. Sikumuuliza habari ya gesi. Nikasema, "Neema, wakikutunza, kaa. Wakikutesa, rudi. Usingoje kuitwa. Ng'ombe nitawarudisha mimi."

Ananijua mama yake. Tangu utoto wake namwonya kwa maneno ya picha, namchekesha kwa maneno ya picha. Akatabasamu, hata macho hakuyainua kwenye simu.

"Hayo maneno ya picha gani, mama?"

"Si ya picha," nikamwambia. "Ni ya babu yako."

Akaiweka simu mezani. Akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, akanitazama.

"Yaseme tena," akasema.

Nikayasema tena, Baba, polepole, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Upumzike sasa. Mama yuko Butiama, mzima, anakusalimu.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Mama Neema