Kuku wa Mama Maktabani

Chanika, Handeni

Mjukuu wangu Zubeda,

Salamu zako zimefika. Bibi yako goti limepona, na ulimi wake, kama unavyojua, haujawahi kuugua.

Unauliza kama enzi zetu tuliwahi kuingia maktaba ya Korogwe. Niliingia, na nusura nifukuzwe. Tulikaa Mnyuzi, nami nilitaka kurudisha kitabu changu cha kwanza niazime kingine. Mama, ambaye hakusoma, akakataa nisiende mikono mitupu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na yeye hakuona tofauti ya sahani na kitabu. Akanisindikiza mwenyewe, kuku kwapani.

Ndani kulikuwa kimya kabisa. Kuku akaanza kulalamika, nami nikajua kadi yangu inachanwa leo.

"Mama, humu hatupigi kelele," mkutubi akanong'ona.

"Mwambie yeye, mwanangu. Mimi sijasema neno."

"Na vitabu tunaazimisha bure."

"Na kuku nimekuletea bure."

Mkutubi akacheka kwa sauti, yeye mwenye kukataza. Kuku hakumpokea, ila alimwandikisha mama naye aazime chake. Mama akachagua kinene kuliko vyote, cha matengenezo ya trekta.

Nilimsomea kila jioni, nikijikwaa kwenye gia na boliti, naye akiitikia kama anapewa habari za ukoo. Mwisho nikamuuliza kama anaelewa.

"Hata kidogo," akasema. "Wewe soma tu. Napenda kukusikia."

Ni mimi babu yako,
Mzee Rajabu