Huyo Anayeruka na Baba

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumanne, mwisho wa mwezi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, kwanza za kawaida, halafu zile zenye maswali. Natumaini u mzima, kifua kimekuacha, na baridi ya huko mmeshazoeana. Sisi hatujambo. Mgongo unaniuma kama unavyowauma mafundi wote wa cherehani, na sare za shule zimejaa mpaka kitandani, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi amegundua juzi kwamba mtoto wake amerefuka. Mama Mdogo alihamia chumba cha nyuma goti lilipomzidi. Ulimi wake ni mzima kuliko goti.

Baba naye hajambo. Yaani hajambo kupita kiasi, na ndiyo sababu nimeandika barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu unanipiga chenga, mara mtandao, mara uko kazini. Barua haina mtandao.

Unajua alivyokuwa tangu aliponyang'anywa lori. Sitaki kufukua mambo, lakini ni wewe uliyekwenda kwa meneja wa bohari ukamwambia kwamba baba yako haoni kioo cha kushoto, na siku hiyohiyo akaambiwa aweke funguo mezani. Alirudi akatangaza humu ndani kwamba hana tena mtoto wa kiume. Jina lako hajalitaja tena, wala hajakubali kwamba macho yake yana kasoro; hata dawa ya macho anayotia anadai ni ya vumbi. Alikaa tu barazani akisikiliza magari yakipita na kuwatukana wanaobadilisha gia vibaya.

Sasa nisikilize. Kabla mvua hazijaanza, fundi simu wa hapo kona alikuja na boksi. Akasema Baba ameshinda bahati nasibu ya madereva wastaafu. Machale yakanicheza palepale. Baba hajawahi kucheza bahati nasibu yoyote, na madereva wastaafu ninaowafahamu hawana hata chama cha kuzikana. Ndani mlikuwa na kitu walichokiita miwani, lakini ni dude linalofunika nusu ya uso, na vishikio viwili vya mikononi. Fundi simu akaeleza kwamba ukilivaa unajiona umo ndani ya chombo cha angani, unakiendesha mwenyewe, na kila unakogeuza kichwa ni nyota. Akasema ni mchezo tu. Akaunganisha na intaneti, bure. Wewe umewahi kuona fundi simu akiunganisha kitu bure?

Basi Baba amehamia angani. Kila siku baada ya chakula cha mchana anavua ndala mlangoni, anakizunguka kiti chake kama alivyokuwa akilizunguka lori kukagua matairi, kisha anaketi, anajifunga kitini kwa mkanda wa suruali na kuvaa dude. Chombo chenyewe anakiita gari. Alilalamika sana mwanzoni kwamba halina honi. Mama Mdogo akimwona anavyopapasa hewa kwa mikono miwili anasema amepagawa, na ameshaanza kuuliza watu wa maombi.

Mchezo haukunisumbua. Kilichonisumbua ni mtu. Baba haruki peke yake, humo ndani ana mwenzake wa chombo kingine, anajiita Kobe. Wanabeba shehena kutoka kituo kimoja cha angani mpaka kingine, na njiani wanapiga soga. Baba yetu, ambaye mimi hunifungulia mdomo kuniambia tu kwamba chumvi imezidi, alikuwa anacheka na mtu asiyemjua. Nisikufiche, niliona wivu.

Ukuta wa chumba chake na changu ni mmoja. Nikawa nasimamisha cherehani na kutega sikio. Nikamsikia anamweleza huyo Kobe kwamba nyumbani tuko watatu, kwamba mimi hupeleka sare dukani kila Alhamisi, kwamba Mama Mdogo sikio moja halisikii. Nikasema tumekwisha, huyu ni mwizi anataka kujua mlango wa kuingilia. Nikabadilisha kitasa. Mashine ya kudarizi nikaificha chini ya kitanda. Safari za Alhamisi nikaziacha, nikawa natoka siku yoyote bila kuaga, mpaka mwenye duka akaninunia.

Sauti ya Kobe sikuwahi kuisikia, maana inaishia masikioni mwa Baba. Niliokota majibu tu. "Nimekula." "Dawa ya asubuhi nimetia, ya jioni bado." "Huyu binti yangu ni mkali, lakini ndiye anayenitunza." Hapo nikasita. Mwizi gani anauliza kama mzee ametia dawa ya macho?

Nikamfuata fundi simu kibandani kwake. Nilimkuta amefumua simu ya mtu, skrubu zimetapakaa mezani, nikajua hawezi kunikimbia. Nikamuuliza boksi limetoka wapi. Akasema bahati nasibu. Nikamuuliza nani aliichezesha. Akainama kama anayetafuta skrubu, akasema, "Dada, mimi nimeapishwa." Watu hawaapishwi kwa ajili ya bahati nasibu, mdogo wangu.

Wiki iliyopita mleta gesi aligonga geti, Baba akavua dude akaenda kumfungulia. Nikaingia chumbani kwake, nikalivaa. Niliogopa, nakwambia. Sakafu haikuwapo. Dunia yote ya bluu ilikuwa inaning'inia upande wangu bila kamba, na kwenye kioo cha nyuma kituo kikubwa kuliko ghala kilikuwa kinanijia, au mimi ndiye niliyekuwa nakijia, sikuelewa. Maana Baba, nasikia, hakubali kuingia kituoni kwa mbele kama watu wengine. Lazima arudi nyuma, kama lori linaloegesha kupakua saruji. Nikavikamata vile vishikio kwa nguvu zangu zote. Ndipo sauti nzito, iliyoharibiwa kwa mashine ili isitambulike, ikaanza kuniongoza, "Rudi, rudi, kata kulia, nyoosha, rudi taratibu." Halafu ikasema, "Chai."

Nikaganda. Ni nani mwingine anayemsimamisha dereva kwa kusema chai? Kule boharini malori yalikuwa yakirudi nyuma kwa pamoja, kila utingo akipiga kelele ya simama, na madereva wakawa wanasimama kwa kelele za utingo wa jirani. Wewe, utingo wake, na Baba ndio mliojitungia neno lenu, akawa anasimama kwa hilo tu. Hapa nyumbani tulikucheka sana, kwa sababu hata ukimiminiwa mchuzi ulikuwa unasema chai. Sauti umeibadilisha, jina umelibadilisha, neno umelisahau mdomoni.

Mimi sikusimama. Nilikigonga kituo. Kwa hiyo ile siku uliyomkuta Baba anabisha kwamba gari alikuwa ameliacha zima, alikuwa anasema kweli. Dereva nilikuwa mimi.

Nilikukasirikia, na bado. Mbona mimi sikuambiwa? Nimebadilisha kitasa, nimegombana na mwenye duka, nimemwita mdogo wangu mwizi moyoni kwa miezi. Halafu nikaanza kukushuku upya. Nikajiuliza unataka nini. Kama ni huruma, Baba haitaki. Kama unatafuta msamaha kwa mlango wa uani, hicho ni kitu gani, mtu kusamehewa kwa jina la Kobe? Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua nyingine, ya matusi. Niliichana kwa sababu ya jambo lililotokea Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alimpima, akaniita pembeni. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linalifuata. Dawa inachelewesha tu. Anasema huenda mwakani wakati kama huu atakuwa anatofautisha mwanga na giza, basi. Nilipomweleza Baba njiani, alisema daktari mwenyewe ni mtoto, hajaota hata ndevu, na akanitangulia kwa hasira mpaka akajigonga bega kwenye nguzo. Upande wa kushoto.

Mchana akavaa dude kama kawaida. Nilikuwa upande wangu wa ukuta, nashona kola. Nikamsikia anasema, bila kupandisha sauti, "Kushoto sioni kitu. Niangalizie wewe." Nikaacha sindano ndani ya kitambaa. Neno ambalo hakulikubali mbele ya meneja, wala mbele yako, wala mbele ya daktari asubuhi ileile, alimwambia Kobe. Baadaye akauliza, "Uko wapi? Mbona kimya?" Najua ulikuwa wapi. Nami nililia upande huu, kama hilo litakupa faraja.

Mdogo wangu, njoo. Omba ruhusa, omba likizo, danganya kama ulivyozoea kutudanganya, lakini njoo wakati bado anaweza kukuona uso. Mwakani hilo dude litakuwa halimfai tena, na Kobe atakosa njia ya kupita. Sijamwambia Baba ninachokijua. Naogopa akiambiwa ataona haya, atalivua, na atarudi barazani kutukana magari. Kwa hiyo uje mwenyewe, kwa sauti yako.

Mama Mdogo anakusalimu sana na anasema ukija umletee soksi nzito. Fundi simu hajui kwamba ninaandika, ila mwambie kiapo chake kimeisha, aache kuvuka barabara kila akiniona. Mwenye duka tumeshapatana.

Baba hakutoa salamu, na sikumwomba. Lakini jana nilimkuta anafuta vioo vya lile dude kwa pindo la shati, nikajikaza nikamuuliza huyo Kobe ni nani hasa. Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Kijana mmoja nilifanya naye kazi. Aliniumiza sana." Akakipulizia kioo, akakifuta tena, akakitazama kwa jicho lililobaki. Kisha akasema, "Lakini hakusema uongo."

Mungu akutunze njiani na akufikishe salama.

Wako akupendaye, ingawa sijaacha kukushuku,
Dada yako.