Nani Amemfunga Baba Bienfait

Baraka, 4 Mei 2024

Baba Bienfait,

Pokea salamu za nyumbani. Tuko wazima, isipokuwa mama yako, mguu umevimba tena. Na wewe, mwili ukoje?

Simu huipokei, ndiyo maana naandika. Pasaka tulikungoja. Ulisema paa la kanisa halijaisha, nikakubali. Juzi Anatole, anayetubebea barua, alishuka kutoka huko na pikipiki yake, nikamuuliza kama unakula vizuri. Akacheka. Akasema, "Mama, mi sina maneno. Lakini bwana yako iko ananunua koteksi kila siku ya soko, zile pedi za bamama."

Tena anasema umetoka kwenye nyumba wanayolala maseremala wote, umepanga chumba. Alphonse, una miaka sitini na moja. Mimi damu ya mwezi ilikoma zamani, na binti zako wote wako hapa. Hizo koteksi ni za nani? Mwanamume hapangi chumba ili alale peke yake.

Niandikie jina lake tu. Kama ni mwembamba au mnene, nitaulizia mwenyewe.

Mke wako,
Mama Bienfait

Minembwe, 19 Mei 2024

Mama Bienfait,

Nakusalimu, na pole kwa mguu wa mama. Huku baridi ni kali. Afya yangu si nzuri, na sababu unaijua.

Hakuna mwanamke. Koteksi navaa mimi. Tangu Februari mkojo unatoka wenyewe, kidogo kidogo, mchana na usiku. Nilikuwa juu ya paa suruali ikalowa, vijana walio chini wakauliza kama mvua imeanza. Chumba nilipanga kwa sababu ya harufu.

Mganga wa mitishamba alinishika tumbo, akasema, "Ni bibi yako wa nyumbani alikufunga kwa dawa." Nikakumbuka. Siku naondoka uliapa mbele ya dada yako Nadège kwamba nikichukua mwanamke huku, nitaaibika kitandani mwake. Halafu ukatuwekea samaki tukala. Wanawake wa ziwani mnajua kufunga waume, nimelisikia tangu utoto. Mwanamke sikuchukua, na bado naaibika.

Fungua ulichofunga. Kabla ya hapo sirudi kula mkononi mwako.

Baba Bienfait

Baraka, 2 Juni 2024

Baba Bienfait,

Salamu. Mguu wa mama umepungua, anakuulizia.

Niliapa, ni kweli, na wivu ninao. Lakini sikufunga kitu. Samaki yule tulikula wote wawili, na mimi ni mkavu.

Nilikwenda kituo cha afya kwa nesi Gentille. Jina sikutaja, nilisema ni mjomba wangu. Aliniambia ugonjwa huu hauna sababu moja. Mwanamke huupata hata kwa uzazi uliochelewa, mtoto akibana njia muda mrefu. Kuna wenye sukari, kuna walioumia uti wa mgongo. Choo kikikauka na kujaa tumboni kinasukuma kibofu, na choo laini nacho huvuja pembeni. Kwa mwanamume wa umri wako wanaangalia kwanza tezi iliyo chini ya kibofu. Ikikua, inabana njia. Mkojo hautoki wote, kibofu kinajaa, na kile kinachozidi ndicho kinamwagika. Unavuja kwa sababu umeziba.

Aliuliza: mkojo unachelewa kuanza? Unakatikakatika? Chini ya kitovu ni pagumu? Kama ni hivyo usingoje, figo zinaharibika.

Mzee Nijimbere, jirani yetu Mrundi, alipata hiyo hiyo. Mke wake alikufa kabla hajakimbia kutoka kwao. Yeye alifungwa na nani?

Nenda lopitali. Na kama mwanamke yupo, akubebee mfuko. Nataka kumwona.

Mama Bienfait

Baraka, 7 Julai 2024

Baba Bienfait,

Nakusalimu tena, ingawa salamu ya Juni hukuijibu. Anatole anaapa alikupa mkononi. Safari hii amekuta kufuli mlangoni, na mwenye nyumba hajui ulikokwenda.

Mimi najua. Amekuhamishia kwake. Anakufulia, anakuanikia mashuka. Ugonjwa wako nilitaka niuuguze mimi, na hata huo amenichukulia.

Nampa Anatole hii akutafute.

Mama Bienfait

Minembwe, 18 Julai 2024

Mama Bienfait,

Nakusalimu kutoka kitanda cha lopitali. Usiogope, nakaa na nakula.

Barua ya Juni niliisoma nikaificha. Yote aliyouliza Gentille yalikuwa hivyo hivyo kwangu, lakini nilikuwa nimeshamwamini mganga. Mwisho wa Juni mkojo ulikataa kutoka kabisa. Maseremala wakanibeba kwa machela. Nesi Ketsia akaingiza sonde, ule mpira mwembamba. Mfuko ukajaa, akaleta wa pili. Dokta anasema ni tezi, watanipasua nikipata nguvu. Ketsia ananiosha asubuhi na jioni. Ana mkono mwepesi, na hanuni.

Wanataka mtu wa nyumbani wa kunipikia na kuniuguza. Vijana waliniuliza wamwite nani. Nikataja wewe. Nitakula utakachopika.

Baba Bienfait

Baraka, 24 Julai 2024

Baba Bienfait,

Salamu za kwako zimefika, na mimi ni mzima kuliko jana. Nimelia kidogo, halafu nimekasirika.

Anatole anatangulia na barua hii, mimi napanda Jumamosi. Mama yako atabaki na Nadège. Nakuja na unga, sabuni na mashuka mawili.

Huyo Ketsia mwambie asante. Mkono wake mwepesi aupeleke kwa wagonjwa wengine. Mpaka nifike, akuoshe nesi mwanamume. Kama hayupo, ningojee hivyo hivyo.

Mke wako,
Mama Bienfait